Kifuniko cha Masika

Simama katikati ya soko la Mpondwe siku ya Ijumaa, pale watu wanapobanana kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya makopa ya muhogo, upaze sauti uite "Masika!" Uone watakaogeuka. Atageuka muuza nyanya, atageuka mpika chapati, atageuka bibi kizee aliyejikalia chini ya mwavuli, na mwingine huko ng'ambo ya daraja, upande wa Kongo, ataitika akidhani ni mumewe. Kwetu Masika si jina la mtu, ni jina la nafasi. Ukiwa binti wa kwanza kutoka tumboni mwa mama yako, wewe ni Masika, upende usipende. Anayekufuata ni Biira. Jina la ubatizo huja baadaye, la kutofautishia. Mtoto wa Bwera anayajua hayo kabla hajajua kujifunga vifungo vya shati.

Sasa mchukue mtu aliyesoma mpaka akachoka, mwenye kompyuta inayoweza kuchora fuvu la mtu aliye hai bila kumtoa ngozi, umuulize kama anayajua hayo. Hayajui. Na kwa kutoyajua kwake, Masika Evas, binti Danieri, anatembea na shimo kichwani hadi leo hii.

Huyu Evas si mtu wa kuonewa huruma ovyo. Ukimwonea atakutukana mbele ya watu. Alianza kubeba mizigo angali mtoto. Wanawake wa milimani kwetu hawatwiki mzigo juu ya kichwa. Mzigo hukaa mgongoni, na mkanda hupita chini yake ukapanda mpaka utosini, kwa hiyo kinachobeba hasa ni kichwa. Shingo hukaza, miguu hufuata. Mama yake alipofariki alimwachia mkanda wa ngozi ya ng'ombe, na kila Jumapili baada ya ibada Evas aliupaka mafuta ya mawese usikauke. Kwa mkanda huo alibeba kahawa ya watu kutoka vilimani, akabeba matofali ya shule, akabeba magunia kutoka kwenye malori hadi kwenye maghala, akipita kwenye matope ambamo vijana wa toroli walikuwa wamekwama wanatukanana.

"Evas, wewe si mwanamke, wewe ni Fuso!" walimpigia kelele.

"Na nyinyi ni tairi lisilo na upepo," akawajibu, bila hata kugeuza shingo.

Alikuwa na mume, Yeseri, aliyekwenda Hima kutafuta kazi kwenye malori ya saruji, akapata na mke mwingine hukohuko. Evas hakumfuata. Alipanga chumba chake karibu na soko, akanunua sufuria zake, akawa anapika anachotaka saa anayotaka, na asimwombe mtu chumvi. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wengine hujivunia watoto, wengine nyumba ya bati. Evas alijivunia kula jasho la kichwa chake mwenyewe.

Halafu siku moja ya soko, lori la makopa lilifunguliwa ubavu na mtu aliyekuwa anaongea na simu. Magunia yakaporomoka. Moja likamwangukia Evas alipoinama kufunga mkanda, likampigiza kichwa kwenye chuma cha gurudumu. Kilichofuata hakijui. Alizinduka mbali na Bwera, kwenye hospitali kubwa, akaambiwa ubongo ulikuwa umevimba, ikabidi wakate mfupa wa upande wa kushoto ili ubongo upate nafasi. Na mfupa wenyewe uko wapi? Ulikuwa umevunjikavunjika, wakasema, haufai kurudishwa.

Basi akarudi Bwera na kichwa kisichokamilika. Kuanzia juu ya paji mpaka juu ya sikio hapakuwa na mfupa, ni ngozi tu. Akisimama, pale hubonyea ndani. Akiinama, hufura na kupiga kama moyo. Watoto walimkimbia. Maumivu yalimpanda mara kwa mara, na akiinuka haraka dunia ilizunguka. Lakini yote hayo angeyavumilia. Kilichomuua ni kwamba mkanda ulipita palepale penye shimo. Hakuweza kubeba hata fungu la kuni.

Chumba akakiachia mwenye nyumba, sufuria akazihamishia kwa kaka yake Kathembo, na huko akaanza kula kwa mkono wa wifi yake, Marlène, mwanamke wa Butembo, mchapakazi, asiye na roho mbaya ila mdomo wake haukujua kupumzika.

"Acha hiyo dumu, wifi," Marlène alimwambia kila asubuhi. "Utaanguka utatufia hapa, watu waseme ni mimi nimekuua."

"Nataka kusaidia."

"Saidia kwa kukaa."

Kukaa! Mwanamke aliyebeba matofali ya shule nzima anaambiwa asaidie kwa kukaa. Evas alikaa, na uchungu ukakaa naye. Mkanda wake aliutundika msumarini juu ya kitanda, na kila Jumapili akaendelea kuupaka mafuta. Marlène alimwona, akatikisa kichwa, akapita.

Ndipo zikaja habari za mradi. Katika hospitali moja upande wa Kasese kulikuwa na madaktari wageni waliokuwa wanaziba mafuvu ya watu, bure kabisa. Anapigwa mtu picha ya kichwa, picha inapelekwa Kampala, kompyuta inachora kipande kinachokosekana, mashine inakitengeneza, kinarudi kikiwa tayari kufungwa kwa skurubu. Madaktari walikuwa na neno lao refu la kukiitia. Watu wa Bwera wakakiita kifuniko, na jina likashika.

Mchoraji alikuwa Davis, mtu wa Kampala, mpole, mwenye miwani na kompyuta aliyoikumbatia kama mtoto. Hakujua Kikonzo, lugha yetu, hata cha salamu, na Evas hakujua Kiganda cha kutosha, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, cha kila mmoja kikichechemea upande wake. Davis alimweleza vizuri. Upande wa kulia wa kichwa ni mzima, si ndiyo? Basi kompyuta inauchukua huo, inaugeuza kama unavyogeuka kwenye kioo, inaulaza upande wa kushoto, halafu inakata kile tu kinachokosekana, kwa kufuata kingo za shimo lenyewe.

"Kwa hiyo hiyo kitu inaingia kwa kichwa yako tu, mama," akasema. "Hata ndugu yako wa tumbo moja, haiwezi kumtosha."

"Itabeba mkanda?" Evas akauliza.

"Mkanda gani?"

Evas akageuka akamtazama sista Eseza, nesi wa hapo, mzaliwa wa vilima vya Kilembe, ambaye tayari alikuwa anacheka. Akaomba shuka. Akalikunja, akalizungushia kiti, akalipandisha utosini, akainuka na kiti mgongoni mbele ya mchoraji wa Kampala. Kichwa kilimzunguka akashika ukuta, lakini alikuwa amekwisha kuonyesha.

Davis alivua miwani akaipangusa. "Ukipona vizuri, na daktari akikubali, itabeba. Pole pole. Ni ngumu kuliko mfupa yenyewe."

Evas hakutaka kusikia zaidi ya hapo. Neno "itabeba" alilichukua akaenda nalo.

Siku ya kupigwa picha, Kasese ilikuwa inawaka jua. Kwenye benchi la nje alikuja kuketi kando ya Evas mwanamke wa rika lake, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani vilevile, jino la mbele halipo, na kovu refu limeshuka hadi shavuni. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Beni, baada ya watu kuingia kijijini kwao na mapanga. Hakusimulia zaidi, na Evas hakumchimba. Sasa aliishi Bwera na mumewe, Jean-de-Dieu, fundi wa kuziba madumu yaliyotoboka, anayekaa karibu na daraja na chuma chake cha moto na vipande vya plastiki.

"Unaitwa nani?" Evas alimuuliza.

"Masika."

"Ala! Hata mimi."

"Basi weye uko majina yangu!" yule akasema, maana watu wa Kongo humwita hivyo mtu anayechangia naye jina. Wakapigana viganja wakacheka, wanawake wawili wenye shimo la upande mmoja, mpaka sista Eseza akatoka kuangalia kuna nini. La ubatizo aliitwa Esperance.

Mlango ukafunguliwa, mpiga picha akachungulia. "Masika wa Bwera!"

Wakasimama wote wawili, wakatazamana, wakacheka tena. Evas ndiye aliyetangulia kufika, zamu ilikuwa yake bila ubishi. Lakini alimwona mwenzake jinsi alivyoshika kichwa kwa mikono miwili, midomo imemkauka kwa jua.

"Nenda wewe, majina," akasema. "Mimi bado nina nguvu za kukaa."

Wema ule! Laiti angekuwa na roho mbaya siku ile tu, siku moja tu, leo angekuwa mtu mwingine.

Esperance akaingia, akatoka. Evas akaingia. Mpiga picha macho yake yalikuwa kwenye mashine, watu walikuwa wamejaa. Jina? Masika. Unatoka? Bwera. Lala hapo, usitikisike. Hakuuliza la ubatizo, na hakuna aliyempa, kwa sababu kwetu ukiulizwa jina unataja la kuzaliwa. La kanisani linangoja uulizwe tena. Picha mbili zikaenda Kampala. Na huko Kampala Davis, aliyekuwa amekutana na Masika mmoja tu, akaona Masika wa Bwera, mwanamke, shimo upande wa kushoto, na chini yake Masika wa Bwera, mwanamke, shimo upande wa kushoto, siku ileile. Akafikiri mgonjwa alitikisika, akapigwa mara ya pili. Akachagua picha iliyo safi zaidi, nyingine akaifuta. Iliyokuwa safi ilikuwa ya kwanza.

Hayo Evas hakuyajua. Alichojua ni kungoja. Siku za soko aliteremka hadi darajani, akaketi na majina yake kando ya Jean-de-Dieu aliyekuwa anaunguza plastiki, na wakapiga soga zao. Evas alizungumzia magunia. Akipata kifuniko ataanza na maharage, kisha makopa, kisha atapanga chumba kilekile, mlango uleule. Esperance alisikiliza akicheka kwa pengo lake.

"Na wewe, majina? Ukipata yako utafanya nini?"

"Mi nitalala upande hii," Esperance akagusa kitambaa, upande wa kushoto. "Toka ile siku siwezi kuilalia. Ni ile tu nataka. Nilale nigeukie bwana yangu."

Jean-de-Dieu akainamia dumu lake kama hakusikia.

Kichwa kile kilikuwa kimemwachia Esperance kifafa. Kilimjia mara chache, naye alificha asimtie mume hofu. Asubuhi moja alikwenda mtoni Lhubiriha kufua, akawatangulia wenzake, na walipofika walimkuta ameanguka kifudifudi penye maji haba, maji ambayo mtoto angeyavuka bila kulowa magoti. Ndiyo basi. Beni ilikuwa imemshindwa, kijito cha kufulia kikamchukua. Alizikwa kwenye makaburi ya parokia, mbali na kwao. Evas alilia mpaka shimo likafura, Marlène akamlaza kwa nguvu.

"Kumbe mtu anaweza kufa tu hivi hivi," Evas alisema, "na kifuniko chake kinatengenezwa."

Msiba ulikuwa bado haujapoa sista Eseza alipopiga simu. Kifuniko kimefika. Evas aliruka, akazunguka, akashika mlango, akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Alimkumbuka majina yake. Alidhani chake Esperance kiko mahali fulani kinangoja mtu asiyekuja. Aliuteremsha mkanda msumarini, akaupaka mafuta ingawa haikuwa Jumapili. Kathembo akamsindikiza hadi Kasese.

Davis alimwonyesha kikiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kilikuwa cheupe, chembamba, kimepinda kama kipande cha kibuyu, na pembeni kilikuwa na vitundu vya skurubu. Evas alikigusa juu ya mfuko kwa ncha ya kidole. Alikipenda. Kweli alikipenda, kama mtu anavyompenda mtoto aliyeambiwa hatampata.

"Kizuri," akasema. "Davis, Mungu akubariki."

Wakamnyoa, wakamlaza usingizi.

Alipozinduka, kabla hajafumbua macho vizuri, mkono wake ulipanda wenyewe kichwani. Sista Eseza akaushika njiani.

"Kimekaa?" Evas akauliza.

Eseza akaupapasa mkono wa mgonjwa, akatazama dirishani. Evas akauchomoa mkono, akaubonyeza juu ya bandeji, taratibu. Palikuwa laini. Palikuwa laini vilevile kama jana.

Daktari mpasuaji alikuja akasimama miguuni mwa kitanda. Kifuniko kilikataa, akasema. Wamekigeuza kila namna. Mbele kinapanda juu, nyuma kinaacha uwazi. Ikabidi wamfunge kama walivyomfungua.

"Si mkate kidogo!" Evas akasema. "Mkate, msugue. Hata mlango ukigoma fundi anapiga randa."

"Si kitu cha kupiga randa, mama."

Ndipo Davis akaingia, rangi imemtoka, kompyuta mkononi. Alikuwa amekesha akipima kila kingo, asione kosa. Kifuniko na picha vinakubaliana kabisa, akasema, hebu mama aone mwenyewe. Akaigeuzia kitandani. Kwenye kioo fuvu lilikuwa linazunguka pole pole, jeupe, na shimo lake la kushoto. Likageuka likamtazama Evas uso kwa uso, na katika safu ya meno ya juu, mbele kabisa, palikuwa na pengo.

Evas alipitisha ulimi kwenye meno yake. Yote yapo. Akakinyooshea kioo kidole.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni majina yangu. Huyu ni Esperance."

"Esperance ni nani?"

"Masika."

"Lakini Masika ni wewe!"

Sista Eseza akaachia kicheko kibaya, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Davis! Hata mimi ni Masika. Yule anayepiga deki hapo koridoni ni Masika. Dada wa muuza chai ni Masika. Ulifikiri huku tuna Masika mmoja?"

Davis akamtazama. "Kwa nini haukuniambia?"

"Hukuuliza. Nani amwambie mtu kwamba maji yanalowesha?"

Davis akaketi kwenye ukingo wa kitanda kilichokuwa kitupu, akajishika kichwa, kichwa chake kizima. Baada ya kitambo akainua uso, na ungeona tumaini dogo limemwingia. "Huyo mwingine yuko wapi? Basi tumpe yeye. Kitamtosha kabisa."

"Yuko makaburini," Evas akasema.

Nje mtu aliendelea kupiga deki.

Picha ya Evas ilikuwa imefutwa siku nyingi. Lazima apigwe nyingine, kichorwe kingine, na madaktari walikuwa wanafunga mizigo. Pengine safari ijayo, kama wafadhili watakubali. Davis alisema samahani, akairudia, akaisema kwa Kiswahili na kwa Kiganda.

"Samahani yako nzuri," Evas akamwambia. "Ila niambie nitaifunga na mkanda gani nikaibebe sokoni."

Akageukia ukuta. Siku ya kuruhusiwa aliomba jambo moja tu: apewe kifuniko. Davis alisema utaratibu haukubali, kinatakiwa kiharibiwe. Evas akamkazia macho. Davis akaenda, akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kijani, akakisukuma mkononi mwake, akaondoka bila kuaga.

Wewe ungefikiri alikitaka kwa ajili ya marehemu. Hapana. Hebu tuseme ukweli: alikitaka kwa ajili yake. Mshono ulipopona, alingoja Marlène aende shamba, akaingia nyuma ya nyumba. Alikunja kitambaa akakiweka juu ya shimo, akakilaza kifuniko juu yake, nje ya ngozi, akafunga kichwa kwa kitambaa kingine kwa nguvu. Akakigonga kwa kidole. Kikalia ko, ko. Kigumu! Akachukua gunia la maharage, nusu tu, akalizungushia mkanda, akaupandisha utosini, akainuka.

Na gunia likainuka. Uzito ule, alivyokuwa ameutamani! Shingo ilikaza yenyewe, miguu ikakumbuka. Akatoka uani, akashika njia ya migombani, akatembea kama mtu anayekwenda sokoni. Machozi yalimtoka kwa furaha.

Palipoanza mteremko kifuniko kikacheza. Mbele kikapanda, nyuma kikabonyeza, kila hatua kikicheza na kuchimba kwa ukingo wake palepale palipo laini. Evas alikaza meno. "Tulia," akakiambia, "tulia basi, majina, nibebee kidogo tu." Hakikutulia. Migomba ikazunguka, mwanga ukakatika, akajikuta amekaa chini ya mibuni, anatapika, maharage yametapakaa kila mahali.

Marlène ndiye aliyemkuta. Akamfungua kitambaa, akakiona kile kitu cheupe, akaelewa.

"Wifi, unataka kufa?"

"Nataka kubeba."

"Hiki ni cha marehemu."

"Najua," Evas akasema, akaanza kulia kwa sauti, mwanamke mzima, kama siku ya msiba. "Najua ni cha nani. Hata yeye amekufa hataki kuniachia."

Marlène aliokota maharage yote, akalitwaa gunia, akalibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Kesho yake Evas aliteremka hadi darajani. Jean-de-Dieu alikuwa na dumu magotini. Evas alifungua kitambaa cha kijani, akamweleza yote tangu benchi la Kasese, wala hakujificha kuhusu gunia. Yule mwanamume akapangusa mikono kwenye suruali, akakichukua. Kwanza alikitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, akapitisha dole gumba ukingoni mwote, pole pole. Kisha kidole kikasimama. Kingo zile alikuwa anazijua. Ndiye aliyekuwa anamwosha mkewe kichwa.

"Ndiyo," akasema. "Iko yake. Mutu alifanya hii kazi, aliijua kazi." Na hapo sauti ikamvunjika. "Mi naziba madumu ya watu wote, mama Evas. Ile moja ilinishinda."

Walikwenda makaburini mchana uleule. Jean-de-Dieu alichimba upande wa kichwani, kidogo tu, kwa jembe la kuazima, akakiweka chini kikiwa ndani ya kitambaa, akafukia kwa mikono. Akapiga ishara ya msalaba.

"Sasa atalala upande ile alitaka," akasema.

Evas alimpenda majina yake, na alimwonea wivu, wivu mchungu wa kumwonea mtu aliye kaburini, na vyote viwili vilikuwa kifuani kwa pamoja. Njiani, sokoni, mtu aliita "Masika!" Wanawake wakageuka. Yeye hakugeuka.

Alifika nyumbani simu ikiita. Ni sista Eseza, kutoka Kasese.

"Davis anatuma salamu. Anajaribu kukuombea nafasi, wakirudi. Anauliza safari hii akuandike vipi, msichanganywe tena."

Evas alitazama msumari juu ya kitanda. Jumapili ilikuwa imepita na mkanda haukupakwa kitu. Ngozi ilikuwa imeanza kukakamaa.

"Mwambie aandike Masika aliye hai," akasema. "Na afanye haraka, kabla hilo nalo halijawa kosa."

Akakata simu, akaenda kunawa mikono, maana Marlène alikuwa amekwisha kupakua.